Tunampa dereva mpya barabara yote kwa siku moja

Kijana wa Kitanzania anayetaka leseni ya udereva huilipa Serikali mara tatu. Leseni ya kujifunzia, ambayo mitaani ni lena tu, ni Sh10,000 na hudumu miezi mitatu. Mtihani wa udereva ni Sh3,000. Leseni yenyewe ni Sh70,000 kwa miaka mitano, tangu mwaka 2019 ilipoacha kuwa Sh40,000 kwa miaka mitatu. Jumla ni Sh83,000. Katika yote hayo, kinachosimama kati ya mtu asiyejua kuendesha na mtoto anayevuka barabara kwenda shule ni kimoja tu, mtihani, na ndicho kilichopewa bei ndogo kuliko vyote. Ni bei ya sahani ya chipsi mayai.

Mtihani wa bei hiyo hauwezi kuwa mrefu. Mkaguzi anayeutoa ana foleni ya watu inayomsubiri tangu asubuhi. Anauliza alama za barabarani na sheria kadhaa. Anamtazama mtahiniwa akiwasha gari, akiingiza gia, akisimama katikati ya mlima na kuondoka bila gari kurudi nyuma, akipaki kwa rivasi bila kugusa koni. Wapo wakaguzi wanaofelisha asiyejua hata kama amekuja na barua ya mkubwa, na hao nawaheshimu. Lakini hata aliye mwadilifu kuliko wote anapima kile tu anachoweza kukiona kwa dakika chache: kwamba mtu huyu anajua kulisogeza gari, kulisimamisha na kulipaki, mchana, juu ya lami kavu, akiwa na askari kando yake.

Kesho yake mtu huyo ana haki zote ambazo anazo dereva wa miaka ishirini. Ndani ya daraja la leseni yake hakuna sharti la muda, la usiku, la idadi ya abiria wala la umbali. Jana alikuwa haruhusiwi kwenda dukani bila mtu mwenye leseni kukaa kando yake na L nyekundu kubandikwa mbele na nyuma. Leo anaweza kupakia mke, watoto na mama mkwe, akaondoka Dar es Salaam saa tatu usiku kwenda Moshi.

Na wanaondoka. Kila Desemba magari ya nyumbani hupanda kaskazini kwa ajili ya Krismasi. Ni desturi ninayoipenda: wajukuu wanawaona bibi na babu, mbuzi anachinjwa, makaburi ya wazee yanapaliliwa, ukoo unakaa chini kumaliza mambo yaliyolala mwaka mzima. Tena kwa mtu aliyenunua gari mwaka huo, kufika kijijini akiwa kwenye usukani wake ni furaha kubwa, wala simlaumu kwa kuitamani. Ndiyo maana wapo wanaokimbizana na leseni Oktoba na Novemba, ili Krismasi wapande na gari lao. Ila barabara inayowasubiri ina zaidi ya kilomita 500: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga. Sehemu kubwa ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, inayotumiwa kwa pamoja na mabasi, malori ya semi, IST za familia, baiskeli zisizo na taa na ng'ombe wanaorudishwa zizini jioni.

Chukua jambo moja tu, ovateki. Lori la semi lipo mbele linakwenda kilomita 60 kwa saa. Wewe unataka kulipita kwa 80. Tofauti ya kilomita 20 kwa saa ni kama mita tano na nusu kwa sekunde. Ukijumlisha urefu wa lori na nafasi unayopaswa kuiacha nyuma yake kabla ya kuchomoka na mbele yake kabla ya kurudi, unahitaji kulizidi kwa karibu mita 60, yaani sekunde kumi au zaidi ukiwa upande usio wako. Katika sekunde hizo kumi wewe umekwenda zaidi ya mita 220. Basi linalokuja kutoka mbele, nalo kwa 80, limekwenda mita 220 nyingine. Kwa hiyo kabla ya kugusa indiketa ulipaswa kuona karibu mita 450 za barabara tupu, karibu nusu kilomita. Usiku huoni barabara, unaona taa mbili tu, na taa mbili hazisemi kama ni za basi lililo umbali wa mita 300 au pikapu iliyo mbali zaidi ya hapo.

Niliwauliza madereva wapya niliokutana nao kama kuna aliyewahi kufundishwa hesabu hiyo, au aliyewahi kulipita lori hata moja akiwa na mwalimu kando yake. Sikumpata. Walijifunza mjini, kwenye barabara za ndani, saa nne asubuhi, kwa zamu ya mwanafunzi mmoja mmoja huku wenzake wakisubiri kiti cha nyuma. Kuendesha usiku, hapana. Kuendesha kwenye mvua, ilipokuwa ikinyesha kipindi kiliahirishwa.

Shirika la Afya Duniani, WHO, katika ripoti yake ya mwaka 2023 lilikadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka duniani, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wenye umri kati ya miaka 5 na 29. Huo ndio umri wa wanaovuka kwenda shule, na ndio umri wa wengi wanaokwenda kuomba leseni yao ya kwanza. Tunaposikia ajali tumezoea kulaumu mwendokasi, pombe na ubovu wa gari, na lawama hizo ni za haki. Uchanga wa dereva hatuutaji. Kwenye taarifa ya ajali utasoma kwamba dereva alishindwa kulimudu gari. Ni mara chache utasoma alikuwa na leseni kwa muda gani.

Mpwa wangu, binti wa dada, amepata leseni mwaka huu. Alisoma, akafaulu kwa haki, hakutoa hata shilingi ya pembeni. Tangu hapo tumekuwa tukitoka naye jioni, yeye kwenye usukani na mimi kando, kutoka Tegeta hadi Mwenge na kurudi. Mikono na miguu yake haina tatizo. Klachi anaiachia vizuri na kona anaikata vizuri. Anachokosa kiko machoni. Daladala iliyo mbele imeanza kubana kushoto, konda ameshaning'inia mlangoni na kugonga bati. Mimi najua itasimama, kituo kiwepo kisiwepo, na kwamba abiria atakayeshuka wa kwanza atapita mbele yake na kuchomoza katikati ya barabara bila kutazama. Yeye anaona daladala inayotembea. Mimi naona bajaji imeinamisha gurudumu la mbele kabla haijageuka. Naona miguu ya mtu chini ya lori lililopaki. Naona bodaboda kwenye kioo cha kushoto, kisha simwoni tena, na najua hajapotea, amejificha pale ambapo kioo hakifiki. Wanafunzi wamesimama pembeni ya zebra wakisukumana kwa utani, na mmoja ana mgongo kwetu.

"Mjomba, umejuaje kama atarudi kinyumenyume?" aliniuliza siku mtoto mmoja alipofanya hivyo hivyo.

Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kwamba nimewaona wengi. Jibu bora lipo kwa watafiti. Mwaka 1972 Wamarekani wawili, Mourant na Rockwell, walipima macho ya madereva wapya na ya wazoefu wakiwa barabarani. Wapya walikuwa wakitazama karibu zaidi, mbele tu ya gari, na walivitazama vioo mara chache zaidi. Wazoefu walitazama mbali na kwa upana. Tafiti nyingi zilizofuata katika nchi mbalimbali zimeonyesha jambo jingine lenye uzito: mwanafunzi akiwa na mzoefu kando yake hupata ajali chache. Hatari hupanda ghafla anapoanza kuendesha peke yake, huwa kubwa kuliko wakati wowote katika miezi ya mwanzo, kisha hushuka kwa kasi kadiri anavyozidi kuendesha. Usiku huiongeza. Vijana wenzake wakijaa garini huiongeza tena.

Kwa maneno mengine, wakati wa hatari kwa dereva mpya unaanza pale pale ambapo sisi tunamaliza kumwangalia. Tunamlinda kwa L nyekundu siku ambazo hatari yake ni ndogo, tunamvua siku inapokuwa kubwa kuliko zote. Hilo ndilo ninalolipinga katika utaratibu wetu.

Nchi nyingine ziliona kasoro hiyo zamani zikairekebisha. New Zealand ilianza mwaka 1987 kutoa leseni kwa ngazi. Ukifaulu unapewa kwanza leseni yenye masharti: kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri huendeshi peke yako, na hubebi abiria bila mzoefu kando yako. Leseni kamili inakuja baadaye. Jimbo la New South Wales, Australia, linamtaka mwanafunzi aliye chini ya miaka 25 ajaze kitabu cha kumbukumbu kuonyesha ameendesha saa 120 chini ya uangalizi, 20 kati ya hizo usiku. Uingereza, tangu mwaka 1997, dereva akifikisha pointi sita za makosa ndani ya miaka miwili ya mwanzo ananyang'anywa leseni na kuanza upya, lena kwanza na mitihani yote. Na Japani, zinakotoka nyingi za IST, Vitz na Noah tunazoendesha, dereva mpya hubandika mbele na nyuma ya gari alama ya jani, nusu njano nusu kijani, mwaka mzima wa kwanza, tangu mwaka 1972. Alama hiyo inawaambia walio nyuma wampe nafasi, na sheria ya huko inawakataza kumbana. Tumeleta magari, na hata usukani wao uko kulia kama wetu. Utaratibu unaomlinda anayeyaendesha kwa mara ya kwanza tumeuacha huko huko.

Hatuhitaji hata kwenda mbali, kwa sababu sisi wenyewe tumeshakubali kwamba leseni peke yake haitoshi. Dereva wa basi hatakiwi kuwa na leseni ya daraja C tu. Ipo kozi ya magari ya abiria, ambayo wengi huisomea Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, imepewa na sheria kazi ya kuwathibitisha madereva wa vyombo vya biashara. Nimeunga mkono hatua hizo tangu mwanzo. Lakini familia ya watu watano ndani ya Noah nayo ni abiria. Hao hawakukata tiketi, ila shingo zao ni zile zile. (Bodaboda ni mjadala wake mwenyewe, wengi wao hawajapita hata kwenye huo mtihani wa Sh3,000, na makala moja haiwezi kuwabeba.)

Bima nayo imekaa kimya. Bima ndogo ya gari binafsi ni Sh118,000 pamoja na VAT, awe dereva wa jana au wa mwaka 1995. Kampuni za bima zinazolipa fidia zinajua kuliko sisi sote nani anagonga na lini. Zingeweza kumpunguzia anayeonyesha kitabu cha saa alizoendesha na mzoefu kabla ya kuachiwa gari. Mtanzania hukimbilia punguzo, na kwa hili ningependa akimbilie.

Pingamizi ninalolisikia kila nikizungumzia jambo hili ni la gharama, na ni pingamizi la kweli. Kwa kijana asiye na ajira, leseni ni mlango. Matangazo ya kazi za mauzo, uwakala na usambazaji yanaitaja. Ada ya chuo cha udereva inazidi kwa mbali kile anacholipa serikalini, na mara nyingi ametoa mama kutoka kwenye kibanda chake cha mboga, au imechangwa na kaka zake. Ukimwambia vipindi kumi viwe hamsini, utakuwa umemfungia. Au utakuwa umempeleka kwa kishoka, yule mtu wa nje ya geti anayesema, "Wewe lete picha na namba ya NIDA, hayo mengine niachie mimi." Kila masharti yanapoongezwa bila kufikiria mfuko wa mtu, vishoka hupata soko.

Ndiyo maana siombi vipindi zaidi vya chuo. Saa za kuendesha zinaweza kupatikana bila kulipwa. Kaka mwenye leseni, baba, shangazi, jirani anayekwenda kazini kila siku na gari lenye viti vinne vitupu: hao ndio walimu ambao nchi haijawatumia. Chuo kifanye kazi yake ya kufundisha gia, alama na sheria. Kisha lena iwe ya miezi sita badala ya mitatu, kwa Sh10,000 ile ile, na mwanafunzi apewe kitabu ambacho mzoefu anayemsindikiza anatia saini: saa ngapi, barabara ipi, mchana au usiku, jua au mvua. Najua saini zinaweza kughushiwa. Mkaguzi akimuuliza mtahiniwa maswali matatu kuhusu safari iliyoandikwa humo atajua, kwa sababu aliyewahi kuendesha kwenye mvua ya Aprili kutoka Mbezi hadi Ubungo hasahau vioo vilivyojaa ukungu na madimbwi yaliyoficha mashimo.

Akifaulu, mwaka wa kwanza leseni yake iwe na masharti mawili tu, ambayo askari wa barabarani anaweza kuyakagua bila kifaa chochote. La kwanza, asiendeshe kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri bila mtu mwenye leseni ya miaka mitatu au zaidi kando yake. La pili, alama ya dereva mpya ibandikwe mbele na nyuma. Kila mwaka katika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani tumezoea kununua stika. Kutengeneza moja zaidi hakuwezi kutushinda. Anayelazimika kuendesha usiku kwa sababu ya kazi aombe kibali kwa barua ya mwajiri. Makosa makubwa mawili ndani ya mwaka huo, kama kupita taa nyekundu au kuovateki kwenye kona, yamrudishe kwenye mtihani. Faini ya Sh30,000 humwondolea mtu fedha, haimfundishi kutazama mbali.

Na hiyo Sh3,000 ya mtihani ipandishwe, huku Sh70,000 ya leseni ikishushwa kwa kiasi hicho hicho, mwananchi asiongezewe hata senti. Fedha zitakazohamia kwenye mtihani zibaki kwa wakaguzi: waongezwe, wapewe muda wa kukaa na kila mtahiniwa angalau nusu saa, nje ya uwanja wa koni, kwenye barabara kuu yenye daladala, kipilefti na zebra halisi. Mkaguzi aone mtahiniwa anatazama wapi.

Lipo pia jambo ambalo halihitaji waziri wala Bunge. Tazama tunavyoliendea gari lenye L. Likizima kwenye mataa, honi zinaanza kabla mwanafunzi hajafikia ufunguo. Daladala inalipita na kulikatia kwa makusudi. Akiwa mwanamke ndipo na maneno yanaongezwa dirishani. Mwanafunzi aliyepigiwa honi hivyo hajifunzi kuwa makini, anajifunza kuwahi: kuondoka kabla hajaona, kuingia kabla hajapewa nafasi, ili asitukanwe. Mwaka mmoja baadaye ndiye anayetukatia sisi, na tunauliza amefundishwa na nani.

Mpwa wangu anataka kupanda Moshi Desemba hii akiendesha mwenyewe, na nimemkubalia kwa mpango tuliouandika pamoja. Tutaondoka Dar saa kumi na mbili asubuhi. Hadi Korogwe nitaendesha mimi, yeye kazi yake ni kuniambia kwa sauti anachokiona mbele na kwenye vioo. Kutoka Korogwe hadi Same atashika yeye, mwendo usizidi 80, na kila lori atakalotaka kulipita atanitajia kwanza umbali wa barabara tupu anaouona. Akisema mita 200, tutakaa nyuma ya lori.